Njia ya Msituni Iendayo Mlima Kenya

Mtu asimamaye Nanyuki au Embu alfajiri na mapema, kabla mawingu hayajakusanyika, huuona Mlima Kenya wazi mbele yake. Vilele vyake ni vyeusi na vyenye ncha, na barafu kidogo iliyosalia humetameta jua likichomoza. Kilele kirefu kuliko vyote huitwa Batian, na urefu wake ni meta 5,199 juu ya usawa wa bahari. Karibu nacho kiko Nelion, chenye meta 5,188, na kando kidogo kiko Lenana, chenye meta 4,985. Batian na Nelion ni majabali matupu, wala hawavipandi ila watu wenye kamba na ujuzi mwingi. Lakini Lenana hupandwa kila mwaka na wasafiri wengi waendao kwa miguu tu.

Msomaji aweza kudhani kwamba shida yote ya safari hiyo iko huko juu, penye baridi na mawe. Sivyo. Kabla ya kufika mahali pa kuanza kupanda kwa miguu, hapana budi msafiri apite msituni, na njia ya msituni ni ya udongo. Leo yapitika, kesho haipitiki. Gari lililopanda asubuhi bila taabu laweza kushindwa kushuka jioni ya siku ile ile. Katika habari hii tutaeleza kwa nini njia ya namna hii hubadilika, ni nani aibadilishaye, na jinsi mtu mwenye akili aipitavyo.

1. Mlima na mshipi wake

Mlima Kenya ulikuwa volkano zamani sana, hata milioni kadhaa za miaka zimepita tangu ulipozimika. Moto ule uliacha majivu na mawe, nayo yakaoza kidogo kidogo yakawa udongo mzuri wenye rutuba. Ndiyo sababu watu wa Kikuyu, wa Embu na wa Meru wamelima miguuni pa mlima tangu zamani, na mashamba ya chai na kahawa yamestawi huko.

Juu ya mashamba umezunguka msitu kama mshipi kiunoni. Sehemu ya chini ina miti mikubwa ya mbao. Upande wa mashariki na wa kusini, penye mvua nyingi, miti hiyo ni minene na kivuli chake ni kizito. Upande wa kaskazini, penye ukavu, huonekana mierezi. Ukizidi kupanda utaikuta mianzi, imesongamana kama nywele kichwani. Juu ya mianzi iko miti mifupi yenye kuvu ndefu zinazoning'inia kama ndevu za mzee, na baada ya hiyo msitu hukoma, nchi ikawa wazi na baridi.

Mwaka wa 1899 Mwingereza aitwaye Halford Mackinder alikwenda kuupanda mlima huu pamoja na viongozi wawili wa milima ya Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel. Walifuatana na wapagazi wengi, Waswahili na Wakikuyu, waliobeba mizigo kichwani na mgongoni. Tarehe 13 Septemba mwaka huo watu watatu hao walisimama juu ya Batian. Siku zile hapakuwa na njia ya gari katika msitu. Msafara ulipenya kwa miguu. Baadaye, katika miaka ya 1920, ilifunguliwa njia upande wa Chogoria, na vibanda vya kulalia wasafiri vikajengwa mlimani. Mwaka wa 1949 sehemu ya juu ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka wa 1997 mlima ukaandikwa na UNESCO miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia.

2. Njia tatu za mlima mmoja

Wasafiri wa siku hizi hupita hasa katika njia tatu. Ya kwanza ni ya Naro Moru, upande wa magharibi. Gari huacha barabara kuu, hupita mashambani, hufika langoni penye urefu wa meta 2,400 hivi, kisha hupanda msituni hata kituo cha kupimia hali ya hewa, penye meta 3,050 hivi. Hapo magari husimama na miguu huanza kazi.

Ya pili ni ya Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi. Lango lake liko juu kidogo kuliko lile la Naro Moru, penye meta 2,650 hivi. Upande huu hupata mvua chache kuliko pande nyingine, kwa hiyo njia yake hukauka upesi.

Ya tatu ni ya Chogoria, upande wa mashariki. Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika msitu, karibu kilometa 30 toka mjini hata langoni, penye urefu wa karibu meta 3,000. Msafiri aipitaye hulipwa kwa uzuri mwingi, maana huko juu yako maporomoko ya mto Nithi, na bonde refu lenye kuta za mawe, na Ziwa Michaelson lililo kimya chini ya majabali. Lakini tangu zamani njia hii imejulikana kwa matope yake kuliko ndugu zake.

Basi tujiulize: ikiwa mlima ni mmoja, na udongo wake umetokana na moto mmoja, kwa nini njia moja hukauka na nyingine hulowa?

3. Mvua itokako

Jibu liko baharini. Pepo za kusi zivumapo kutoka Bahari ya Hindi huchukua mvuke wa maji. Pepo hizo zikikutana na mlima haziwezi kupenya, bali hulazimika kupanda. Nanyi mwajua kwamba mtu akizidi kupanda huzidi kusikia baridi. Kwa kadiri, katika kila meta 1,000 joto hupungua digrii 6 au zaidi. Hewa ikipoa haiwezi tena kuchukua mvuke wote iliokuwa nao. Mvuke hugeuka matone madogo, yaani mawingu na ukungu, kisha matone yakaungana, mvua ikanyesha.

Kwa sababu hii pande za mashariki na kusini, zinazoelekea bahari, hupokea mvua nyingi. Hewa ikisha kuvuka mlima imekwisha kutua mzigo wake, na nchi iliyo nyuma hupata masazo tu. Ndivyo ilivyo Sirimon kavu na Chogoria mbichi.

Mvua zenyewe zina majira mawili. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Wasafiri wengi hupenda kwenda Januari na Februari, au toka Julai hata Septemba, kwa kuwa miezi hiyo ni mikavu zaidi. Lakini msidhani kwamba mlima husoma kalenda. Mvua yaweza kunyesha msituni mwezi wowote, na mara nyingi asubuhi huwa kweupe, na ifikapo adhuhuri mawingu yamekwisha kuufunika mlima wote.

4. Maji na udongo

Sasa tuangalie maji yafanyavyo yakiisha kuanguka. Fanyeni jaribio hili nje ya darasa. Fanyeni vilima viwili vya udongo, vyenye urefu mmoja na mteremko mmoja. Kimoja kifunikeni kwa nyasi na majani makavu. Kingine kiacheni kitupu, tena chorani juu yake mfuo mmoja kwa kidole, toka juu hata chini. Kisha mwagieni vyote viwili maji kwa kopo lenye matundu, polepole kama mvua.

Kilima chenye majani kitakunywa maji mengi, na yale yatokayo chini yatakuwa karibu safi. Katika kilima kitupu maji yatakimbilia kwenye mfuo wa kidole. Mfuo utazidi kuchimbika, na maji yatakayotoka yatakuwa mekundu kama chai. Hapo mmeiona njia ya mlimani. Msitu ni kile kilima chenye majani. Njia ni kile kilicho kitupu. Na mfuo wa kidole ni alama ya gurudumu.

Maji yana tabia mbili zipaswazo kukumbukwa. Kwanza, hupenda kuungana. Matone huwa kijito, na vijito huwa mto. Pili, yakizidi mbio huzidi nguvu, tena kupita kadiri tudhaniavyo. Wenye elimu ya mito wamepiga hesabu wakaona kwamba maji yakiongeza mwendo mara mbili, uzito wa jiwe kubwa wawezalo kulisukuma huongezeka mara 64. Kwa hiyo kijito ambacho saa ya kwanza kilichukua mchanga tu, saa ya pili, mvua ikizidi, chaweza kubingirisha mawe, na asubuhi palipokuwa na njia ya gari pana korongo.

Udongo nao una namna zake. Ule mwekundu wa chini, ukiwa mkavu, ni mgumu na gari hupita kama juu ya sakafu. Ukilowa kidogo, uso wake huteleza kama sabuni, hata ikiwa chini yake bado ni mkavu. Ukilowa sana hushika magurudumu na kujaza mifuo ya mipira yake, hata mpira ukawa laini usiwe na kitu cha kushikia. Udongo wa juu zaidi ni mweusi, wenye majani mengi yaliyooza. Huo hunywa maji kama sifongo, na gari likisimama juu yake huzama taratibu.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Gari lipitalo matopeni huacha mifereji miwili. Jua likiwaka, mifereji ile hukauka ikawa migumu kama matofali. Mvua ya pili ikija, maji hayana haja ya kutafuta njia, yamekwisha kuchimbiwa. Basi dereva mmoja aliyejilazimisha kupita siku ya mvua huharibu njia kwa ajili ya wote watakaomfuata, hata katika siku za kiangazi. Ndiyo maana katika nchi nyingine za Afrika, kama Kameruni, huwekwa vizuizi katika barabara za udongo, na magari mazito huzuiwa mpaka mvua ipite na udongo ushike.

5. Wabadilishaji wengine

Maji ndiyo adui mkubwa, lakini hayako peke yake. Kivuli chenyewe, kilicho rehema kwa mtembeaji, ni taabu kwa njia. Mahali pa wazi jua na upepo hukausha udongo kwa siku chache. Chini ya mianzi jua halifiki, na matone huendelea kudondoka kutoka majanini muda mrefu baada ya mvua kukoma. Kwa hiyo msafiri aweza kupita kilometa nyingi za njia kavu, akashangilia, kisha akaingia katika mianzi na kukuta shimo la tope ambalo halikukauka tangu mwezi uliopita.

Mianzi yenyewe, ikilemewa na maji, huinama na kuziba njia kama pazia. Miti mikubwa, ambayo mizizi yake imelegezwa na mvua, huanguka kwa upepo, na mti mmoja ulalao njiani hutosha kuwazuia watu wote mpaka aje mwenye shoka au msumeno.

Tembo na nyati nao hutumia njia, maana hata mnyama mwenye nguvu hupenda kutembea pasipo taabu. Tembo huvunja matawi na kuyaacha chini, na nyayo zake katika tope huwa mashimo yanayojaa maji. Mtu akiona mavi mabichi ya tembo yakitoa moshi wa joto, na ajue mwenye njia yuko karibu. Inampasa kusimama na kunyamaza na kumpa nafasi, wala asipige kelele wala asimkaribie.

6. Jinsi njia itunzwavyo

Mwenye kutengeneza njia ya mlimani hashindani na maji kwa nguvu, maana atashindwa. Huyaonyesha mahali pengine pa kwenda. Kazi yake ina mambo manne.

La kwanza, hufanya njia iwe na mgongo, yaani katikati pawe juu kidogo kuliko kando, ili mvua isikae bali imwagike pande zote mbili. La pili, huchimba mitaro kando ya njia, na kila baada ya hatua kadhaa huitoa mitaro ile nje, maji yaingie msituni yakiwa bado machache na yasiyo na mbio. La tatu, mahali kijito kikatapo njia, huweka kalvati, yaani bomba kubwa chini ya njia, ili maji yapite chini na magari yapite juu. La nne, hutandaza mawe na changarawe, na mahali penye mteremko mkali hata zege, ili magurudumu yapate kushika.

Lakini kazi hizi hazina mwisho. Kalvati likizibwa na majani na tawi moja, maji hupanda juu ya njia, na usiku mmoja huweza kuivunja. Mtu mmoja mwenye jembe, apitaye kabla ya mvua akizibua mitaro, aweza kuokoa kazi ambayo baadaye ingehitaji watu mia na mashine. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yafaa kuandikwa penye kila kalvati.

Kwa kuwa njia hizi hutengenezwa mara kwa mara, nyingine zikitiwa changarawe, nyingine zege au lami, habari ya njia huchakaa upesi. Aliyepita mwaka jana akaona matope, huenda leo akaona njia njema. Na aliyepita juma lililopita akaona njia njema, huenda leo akakuta imekatika.

7. Msafiri mwenye akili

Basi msafiri afanye nini? Kwanza, aulize. Kuuliza si ujinga. Na aulize vema, maana swali baya huleta jibu baya. Akiuliza, "Je, njia ni nzuri?" ataambiwa, "Ni nzuri," kwa kuwa watu ni wapole na hawapendi kumvunja mgeni moyo. Bali na aulize hivi: "Gari la mwisho lilipita lini? Lilikuwa gari la namna gani? Mvua ilinyesha lini? Mti umeanguka mahali gani? Kijito kilifika wapi?" Tena awaulize watu waijuao njia kwa miguu yao: wapagazi, viongozi, askari wa hifadhi, na madereva wakazi wa mahali pale. Mpagazi aliyeshuka jana na mzigo mgongoni ajua kila shimo kuliko ramani yoyote.

Pili, aondoke mapema. Asubuhi mbingu huwa nyeupe, na likitokea la kutokea, bado kuna mchana wa kujisaidia. Aanzaye saa tisa alasiri hukutana na mvua na giza pamoja.

Tatu, achukue vyombo. Gari liwe la kuendeshwa na magurudumu yote manne, tena liwe na sepetu, panga au shoka, kamba imara, mbao mbili za kutia chini ya magurudumu, na minyororo ya kufunga juu ya mipira. Wawe na chakula na maji na nguo za joto, maana usiku wa msituni penye meta 2,500 ni baridi.

Nne, asione haya kushuka garini. Akifika penye dimbwi, na avue viatu aingie yeye kwanza na fimbo, apime kina na ugumu wa chini. Mguu uliolowa hukauka. Gari lililozama ni taabu ya siku nzima. Penye mifereji mirefu ya magurudumu, na apitishe magurudumu yake juu ya matuta, si ndani ya mifereji, ili tumbo la gari lisikwame. Gurudumu likianza kuzunguka bure, aache mara moja, kwa maana kila mzunguko huchimba kaburi la gari. Na akishuka, atumie gia ya nguvu na mwendo mdogo, asikanyage breki kwa ghafula, kwa kuwa mteremko wa udongo uliolowa ni wa hatari kuliko mpando. Mwenda pole hajikwai.

Tano, ajue kurudi. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtu aliyetoka mbali, aliyelipa fedha, aliyewaahidi rafiki zake, huona aibu kugeuza. Lakini akiegesha gari mahali pagumu na pa usalama, akatembea kilometa tano au kumi zilizosalia, hakupoteza kitu. Tena kutembea huko humfaa, kama tutakavyoona sasa.

8. Kwa nini jambo hili ni kubwa

Hewa ya juu ya mlima ni nyepesi. Penye meta 5,000 hewa ya kuvuta ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mwili wa mtu waweza kuizoea, lakini wahitaji siku kadhaa. Apandishwaye kwa gari toka nchi ya chini hata meta 3,000 kwa muda wa saa chache, kisha akaendelea kupanda kwa haraka, aweza kupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu. Wengine huzidiwa zaidi: maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, wakapungukiwa pumzi, wakapepesuka kama walevi na kunena maneno yasiyo na maana. Ugonjwa huo waweza kuua. Ziko dawa na hewa ya mitungi za kumsaidia mgonjwa, lakini tiba iliyo kubwa kuliko zote ni kumshusha chini bila kukawia. Atembeaye polepole toka langoni huupa mwili wake nafasi ya kuzoea.

Basi fikirini. Mgonjwa ameshushwa na wapagazi usiku, wakimbeba kwa zamu, mpaka mwisho wa njia ya gari. Gari lipo. Je, njia ipo? Ikiwa kalvati limezibwa, au mti umelala, au dereva mmoja mkaidi amekwamisha gari lake katikati siku ile, tiba ya mgonjwa imefungwa. Kilometa 10 za tope zaweza kuwa ndizo zitenganishazo uzima na mauti. Wala si mgeni tu ahitajiye njia hiyo. Wapagazi na viongozi huenda mlimani mara nyingi kila mwaka ili wapate ada za shule na chakula cha watoto wao, nao ndio walio hatarini mara nyingi zaidi.

Tena liko jambo jingine. Udongo ubebwao na maji kutoka njiani haupotei. Huingia vijitoni, na vijito huingia mitoni. Mto Nithi huenda hata mto Tana, na Tana huenda mamia ya kilometa, ikapita katika nchi kavu, ikaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Maji ya upande wa magharibi huingia katika Ewaso Ng'iro, ambayo huwanywesha watu na mifugo wa kaskazini. Mamilioni ya watu hutegemea maji ya mlima huu. Udongo ulio shambani au msituni ni mali. Udongo huo huo ukiwa mtoni huziba mifereji, hujaza mabwawa na kuyafanya maji kuwa machafu. Kwa hiyo atengenezaye mtaro mmoja wa njia katika msitu wa Chogoria anamtendea wema mtu aliye pwani, ingawa hawatajuana kamwe.

Nasi tusio madereva wala wapanda milima tunazo njia zetu: ile iendayo shuleni, ile iendayo kisimani, ile iendayo sokoni. Mvua ni ile ile, na mteremko ni ule ule. Mwanafunzi aliyejifunza habari hii, na atazame siku ya mvua maji yapitapo wapi katika njia ya shule yake. Akiona yanaanza kuchimba mfuo katikati, na achukue jembe pamoja na wenzake, wayatoe kando yangali machache. Kazi hiyo ni ya dakika chache leo. Ikiachwa hata masika yapite, itakuwa ya siku nyingi.

Maswali

1. Kwa nini njia ya Chogoria hulowa kuliko njia ya Sirimon?
2. Katika jaribio la vilima viwili, mfuo wa kidole ni mfano wa nini?
3. Eleza jinsi dereva mmoja awezavyo kuharibu njia kwa ajili ya wengine.
4. Taja mambo manne afanyayo mtengenezaji wa njia ya mlimani.
5. Swali "Je, njia ni nzuri?" lina kasoro gani? Andika maswali matatu yaliyo bora.
6. Tazama njia moja iliyo karibu na kwenu kabla ya mvua na baada ya mvua. Andika ulivyoiona mara zote mbili, na sababu za mabadiliko yake.